Pointi Kumi za Akina Mama

Majina nitayataja. Shamba silitaji, kwa sababu wenye shamba wana mawakili na mimi niko na kuku tu, lakini watu nitawataja: nyapara Gathogo, na Kimutai, dereva aliyekuwa bingwa wetu. Wao walinitaja mimi miaka na miaka, kwa kilabu na kwa foleni ya uji, na hakuna siku waliniomba ruhusa.

Nilistaafu msimu uliopita. Si uzee, bado niko na meno yangu yote. Ni kifua. Baridi ya Molo ilinipata kwa kiti cha trekta isiyo na kabini, ikaingia, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Daktari aliniambia, "Mathe, chagua. Shamba ama mapafu." Nikachagua mapafu, lakini kwa shingo upande.

Sasa nasikia nyinyi madereva wapya mnabishana juu ya zile pointi kumi ambazo mwanamke huanza nazo kwa mashindano ya kulima. Wasichana wengine mnaona haya kuzichukua. Vijana mnasema zimeharibu mchezo. Wueh! Mimi nilikuwa hapo zikizaliwa. Wacha niwaambie zilivyokuja na zilivyotufanya, maana hazikumwacha mtu yeyote vile alikuwa.

Niliingia shamba hilo kuokota viazi. Darasa la saba nilimaliza, zaidi ya hapo sikuona. Kazi yetu ilikuwa kufuata trela tukijaza magunia, na dereva wa trela alikuwa mtu wa kupenda usingizi. Siku moja amelala fofofo chini ya ua wa shamba, trela imejaa, lori la kupeleka viazi Nakuru linapiga honi barabarani. Gathogo, nyapara, hakutaka kutembea mpaka kwa ua kumwamsha.

"Wewe Mama Shiro, songeza hiyo trekta kidogo."

"Nisongeze na nini, na mimi na hiyo trekta hatujuani?"

"Na mguu. Si uko nayo miwili?"

Nikapanda. Trekta ikaruka kama ng'ombe ameumwa na nyuki, ikazimika. Waokotaji wakacheka mpaka wakakalia magunia. Nikawasha tena. Kufika mwisho wa msimu ule mimi ndiye nilikuwa nasongeza trela, na yule dereva analala bila wasiwasi. Huo ndio wema pekee Gathogo amewahi kunitendea, na aliutenda kwa uvivu.

Kulima nilifunzwa na Gurdeep, fundi wa majembe ya trekta kutoka Nakuru mjini. Familia yao ilikuwa na karakana huko tangu babu yake. Alikuwa anapanda huku juu na pikapu iliyochoka, kilemba safi, ndevu nyeupe, na kijichupa cha pilipili mfukoni kwa sababu aliamini sisi hatujui kula viazi. Meneja alimwita kurekebisha majembe ya sahani, yale ya vyuma vya mviringo vinavyokata udongo. Mimi nikawa namshikia spana, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza akifanya kazi.

"Mama, trekta inavuta tu. Anayelima ni hii," akasema akipiga sahani kwa spana, ngaa! "Ukiiweka pembe mbaya, hata trekta ya ndege haitakusaidia."

"Kuna trekta ya ndege?"

"Hakuna. Na bado haitakusaidia."

Alinifunza kufungua mfuo wa kwanza, ule ambao mingine yote inaufuata. Unasimamisha vigingi viwili, kimoja mbele ya kingine, unavilinganisha na bomba la moshi la trekta mpaka uone kigingi kimoja tu. Halafu unaenda. Hugeuki kuangalia jembe, hata likilia. "Ukigeuza shingo, bega linafuata. Bega likifuata, usukani unafuata." Alinifunza pia kwamba ardhi ikiwa ngumu, jembe la sahani huelea juu juu, na dawa yake ni uzito: unafunga gunia la mawe juu ya fremu ya jembe, nalo linakubali kushuka. Hii ya mawe muiweke akilini. Itarudi.

Nikawa dereva. Lakini dereva wa trekta kuukuu, wazi, mvua ni yako, upepo ni wako. Trekta mpya ilikuwa moja tu, yenye kabini ya vioo na hita, na ufunguo wake haukupeanwa na ofisi. Hiyo ilikuwa desturi ya shamba letu. Kila mwaka shayiri ikishavunwa, madereva walishindana kulima kwenye mabua, na mshindi alivishwa ufunguo shingoni kwa kamba ya mkonge. Angeendesha ile kabini mpaka mashindano mengine, na ndiye alienda kutuwakilisha kwa maonyesho ya kilimo. Sehemu nyingine mtu hupewa kikombe. Sisi tulipewa mahali pakavu pa kukaa. Ukijua Molo mwezi wa saba, utajua ni kikombe gani kinaweza kushindana na hicho.

Aliyeshinda alikuwa Kimutai. Kila mwaka, Kimutai. Alikuwa mzuri, hiyo siwezi kumnyima. Lakini alikuwa amechoka kushinda. Miaka ya mwisho alikuja uwanjani akichokonoa meno, macho mekundu ya busaa ya jana, analima kama mtu anayefagia kwake. Nani angemfukuza? Sisi madereva wanawake hatukuwa tunaingia. Hakuna aliyetukataza. Hakuna pia aliyetuambia karibuni.

Mwaka zile pointi zilipokuja, nililazwa na nimonia. Niliporudi bado natembea nikishika ukuta, meneja alikuwa mpya, kijana wa gambuti safi. Akatuita wote chini ya mabati ya gereji.

"Tuna madereva wanawake watatu na hakuna hata mmoja amewahi kushindana," akasema. "Kuanzia mwaka huu, mwanamke akiingia anaanza na pointi kumi."

Sauti ikatoka nyuma: "Na sisi wa vitambi tunaanza na ngapi?"

Gereji ikalipuka. Kimutai akangoja kicheko kipungue, akasema polepole, "Mimi sina shida. Wapewe hata na kiti cha mbao wakalie, walime wakipumzika."

Wanawake watatu tulikuwa mimi, Nyambura, na Chebet, msichana mgeni kutoka Kuresoi ambaye maneno yake kwa wiki ungeyatia kwa kiberiti. Nyambura akaninong'oneza, "Mimi siingii. Nikishindwa bila kitu, nimeshindwa. Nikishindwa na kumi mkononi, nitaishi wapi?" Na hapo alisema ukweli ambao meneja hakuufikiria: zile pointi zilikuwa msaada na pia zilikuwa mzigo. Chebet alikuwa anatafuna unyasi tu.

Mimi nilifikiria kabini. Nilifikiria usiku wa wodi, nikivuta hewa kama navuta maji kwa kisima kirefu. Nikasema, "Niandikeni."

Siku ikafika. Wageni wamejaa, hema limesimama, majaji wametoka mbali. Kumbe Gathogo amejipanga. Akapaza sauti mbele ya wageni, "Akina mama kwanza! Mama Shiro alime hapa karibu na hema, tumwone vizuri!" Meneja akapiga makofi, akafikiri ni heshima. Ni mimi na madereva wenzangu tu tuliojua kipande kile ni kipi. Ndipo malori ya viazi hugeukia. Ardhi imeshindiliwa mpaka inalia kama sakafu.

Jembe likateleza juu yake kama sufuria kwa sinki. Nikashuka, nikaanza kutafuta mawe ya kufunga kwa fremu.

"Hairuhusiwi kuongeza kitu," Gathogo akasema.

"Nani amesema?"

"Sheria."

Sikujua sheria, sikubishana. Nilihangaika na kile kipande kama mtu anayekata nywele za simba. Kimutai alipata sabini na nne. Mimi nilipata sabini na moja, nikaongezwa kumi, nikawa themanini na moja. Nikashinda! Nikavishwa ufunguo! Makofi yalikuwa ya Nyambura, ya mpishi, na ya meneja. Jaji mmoja, mzee mpole, akanifuata pembeni. "Mama, ardhi ngumu hivyo, mbona hukuweka uzito?" Nikamwambia nimeambiwa hairuhusiwi. Akanikodolea macho. "Nani amekuambia? Uzito ni wako." Gathogo, kama unasomewa haya, mimi sijasahau.

Kimutai alikuja kunishika mkono. "Hongera, mheshimiwa wa viti maalum."

Msimu ule kifua kilinyamaza. Kabini ilikuwa na joto, mvua inapiga kioo, mimi niko ndani na fulana. Lakini kila dereva aliyepishana nami aliinua mikono na kunionyesha vidole kumi. Vyote kumi, vimetandazwa, kama mtu anakausha rangi ya kucha. Kimutai ndiye alianzisha. Asubuhi, vidole kumi. Kwa foleni ya uji, vidole kumi. Mpaka mtoto wa mpishi akajifunza, akafikiri ndiyo salamu yangu. Nilikuwa na ufunguo shingoni na nilijisikia kama nimeuokota barabarani.

Sasa sikilizeni zilichotufanya, na sitawapaka mafuta. Wako waliokata tamaa. Mutua, aliyekuwa anakuja wa tatu ama wa nne kila mwaka, alisema, "Hata nilime kama malaika, kumi nitatoa wapi?" na kutoka siku hiyo jembe lake lilikuwa linakwaruza tu, na sababu tayari iko mdomoni. Huyo alipotea. Lakini Kimutai! Kimutai aliamka. Nilikuwa namwona jioni, kazi imeisha, wengine wameenda kilabu, yeye peke yake anasimamisha vigingi upande wa msitu, anafungua mfuo, anaufuta, anafungua mwingine. Busaa aliacha. Mke wake alikuja kunishukuru na sukumawiki mkononi, na mimi sikuwa nimefanya lolote ila kumtoa kwa kabini.

Na mimi nikaamka vilevile. Kila kipande nilichotumwa kulima, hata cha kona ambacho hakuna mtu angekiona, nilikilima kama majaji wamesimama hapo. Nilitaka zile tatu alizonishinda. Nilizitaka kuliko chakula. Nyambura naye akaniambia amebadilisha nia, ataingia. Chebet hakusema kitu, lakini niliona ameanza kutembea shambani kabla ya kazi, anapiga udongo kwa kisigino cha gambuti.

Mwaka ukazunguka. Siku ya kujiandikisha, chini ya mabati yale yale, Kimutai akasimama.

"Mama Shiro, mimi sina ubaya na wewe. Lakini kama wewe ni dereva, kataa hizo kumi hapa mbele ya watu. Tulime sawa."

"Eeeh!" gereji yote. "Jibu, mheshimiwa!"

Na nilitaka kuzikataa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikamwona Nyambura, anaangalia viatu vyake. Nikizikataa mimi, mwenye ufunguo, yeye atazichukua na uso gani? Angerudi nyumbani, na Chebet angemfuata, na mwaka mwingine tungerudi kuwa watazamaji wa Kimutai akichokonoa meno.

"Sikatai," nikasema. Wakaguna. "Ngojeni! Sikatai, kwa sababu si zangu peke yangu. Lakini majaji wasome kwanza bila kumi, kila mtu asikie. Nikiwa nyuma ya Kimutai hapo, ufunguo nitamvisha mwenyewe, na kumi zangu mzitupe. Na jambo lingine. Vipande tuviokote kwa karatasi kutoka kwa kofia. Sitaki tena heshima ya Gathogo."

Meneja akasema sawa. Kimutai akasema sawa. Gathogo akasema kofia yake ni chafu. Tukaitumia hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani nikijilaumu njia nzima. Kwa hasira nilikuwa nimeweka mapafu yangu mezani. Nikishindwa na Kimutai, ni kiti cha wazi tena, na mvua ndefu iko karibu.

Siku yenyewe jua lilikuwa zuri la ajabu. Tukaokota karatasi. Mimi nikapata kipande cha kati, udongo laini kama keki. Moyo ukaruka! Kimutai akapata jirani yangu. Chebet akafungua yake, akaangalia, akaangalia tena. Kipande cha malori. Gathogo akacheka bila kujificha. "Basi huyo ameshamaliza."

Chebet akaja kwangu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza kwangu. "Mama Shiro, pale nitafanya nini?"

Ningemwambia sijui. Tulikuwa tunashindana. Lakini nilikumbuka jembe langu likiteleza mbele ya wageni. "Tafuta magunia mawili. Jaza mawe. Funga juu ya fremu, nyuma kabisa. Na pembe ya sahani uipunguze kidogo. Usikimbie."

Alipoanza kufunga magunia, Gathogo akaja mbio. "Hairuhusiwi!"

"Muulize jaji!" nikapiga kelele kutoka kwa kiti changu mpaka hema likageuka. "Yuko hapo! Muulize!"

Yule mzee mpole hata hakusimama. "Uzito ni wake," akasema. "Alime."

Bendera ikashuka. Jamani, sijui niwaeleze aje! Injini zote zinaguruma pamoja, vumbi la shayiri linanuka kama mkate, na mimi naona kigingi kimoja tu. Kimoja! Jembe likaingia, likageuza udongo, mabua yakazikwa yote. Kwa kona ya jicho nilimwona Kimutai, mgongo wima kama anasali. Hakuna aliyekuwa anafagia siku hiyo. Tulienda bega kwa bega, mfuo kwa mfuo, mimi nikimaliza namsikia anageuka, yeye akimaliza ananisikia nageuka. Sijawahi kulima vile. Na sitalima tena. Hata kikohozi kilisahau kuja.

Majaji wakapita na vijiti vyao vya kupima kina. Wakainama, wakanong'ona, wakarudia. Halafu meneja akapanda juu ya trela, na watu wakasongamana kama wanangoja matokeo ya kura.

"Nasoma bila kumi," akasema. "Wa tatu. Kimutai. Themanini na tano."

Wa tatu! Nikasikia Nyambura anapiga mluzi kama mchunga mbuzi. Nimempita! Bila kumi, nimempita! Nikarusha kofia, sijui ilianguka wapi mpaka leo.

"Wa pili. Mama Shiro. Themanini na saba."

Mkono wangu ulikuwa bado juu.

"Wa kwanza, Chebet. Themanini na nane."

Ardhi ile ngumu! Ile niliyoilaani mwaka mzima! Ukiweza kuikata haimomonyoki. Kingo za mifuo yake zilisimama kama zimekatwa kwa kisu, na zangu, kwa keki yangu laini, zilikuwa zimeporomoka kidogo hapa na pale. Mawe yangu mwenyewe ndiyo yalinishinda. Meneja akaongeza zile kumi kama kanuni inavyosema, na pale juu hakuna kilichobadilika. Nyambura akampita Mutua na kundi lake, akaruka kama ndama.

Mimi ndiye nilivua ufunguo shingoni nikamvisha Chebet. Nitawadanganya nikisema nilifurahi. Nilifurahi na nilitaka kulia, yote kwa pua moja.

Ya baadaye niyamalize haraka. Nilirudi kwa kiti cha wazi. Siku za mvua kubwa Chebet alinipa kabini na yeye akapanda yangu. Gathogo akamwambia hairuhusiwi, naye akamjibu, "Muulize jaji." Hata hivyo kifua kilinifuata polepole mpaka kikanitoa. Gathogo alistaafu kabla yangu, akafanyiwa sherehe na mbuzi. Sikula.

Lakini jioni ile yenyewe ndiyo nataka mbaki nayo. Watu walikuwa wameondoka, hema linakunjwa, mawingu yanashuka kutoka Kuresoi. Nilienda kipande cha malori kuona kwa macho yangu kazi iliyonishinda. Nikakuta mtu amefika kabla yangu. Kimutai.

"Mama Shiro."

"Kimutai."

"Huyu msichana alifungua aje huu mfuo?"

"Na mawe."

"Mawe najua. Nauliza aje." Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu amefumbiwa fumbo. "Tazama hapa. Tazama mpaka kule mwisho. Haujapinda hata kidogo."

Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa makubwa. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kabini ya kukimbilia. Nilingoja aseme kumi. Nilikuwa na jibu tayari, nimelibeba mwaka mzima.

Hakusema. Alipiga magoti kwa tope, akatandaza vidole vyake vyote kumi ndani ya mfuo wa Chebet, ukingo mmoja mpaka mwingine, akaanza kuupima.